Mboga na matunda ya mkulima mdogo: tunaamini ni salama kwa sababu gani hasa?

MLETA UZI

Wakuu, salaam kwenu. Uzi ni mrefu kidogo. Naomba usomwe wote kabla ya kujibu, kwa sababu unahusu kile tunachowalisha watoto wetu.

Kila mjadala wa mboga na matunda unapoibuka, watu hugawanyika upesi. Wapo wanaosema cha mkulima mdogo ndicho salama: hakijapigwa dawa nyingi, kimechumwa leo, na anayekiuza ndiye aliyekilima. Wapo wanaosema mkulima mdogo hakaguliwi na mtu, maji yake hayajapimwa, cheti hana, heri kilichofungwa kwenye mfuko na kubandikwa lebo. Ukiwauliza wanaonunua moja kwa moja shambani kwa nini wanafanya hivyo, wengi hutaja usalama pamoja na ladha, tena huutaja kama jambo lililo wazi lisilohitaji maelezo.

Mimi nasema pande zote mbili zinaangalia mahali pasipo na jibu. Ukubwa wa shamba haukuambii kama jani lina vimelea. Kinachokuambia ni maji yaliyomwagiliwa, samadi iliyotumika na imekaa muda gani, mikono iliyovuna, na vyombo vilivyobeba. Mkulima wa robo ekari anaweza kuwa makini katika hayo yote, na kampuni yenye maelfu ya ekari ikazembea. Kinyume chake pia hutokea.

Mwaka 2006 Marekani kulitokea mlipuko wa bakteria E. coli O157:H7 kwenye spinachi ya mifukoni, iliyooshwa kiwandani na kuandikwa kuwa tayari kuliwa. Watu 205 waliugua na watatu walifariki. Wachunguzi walifuata nyayo hadi kwenye shamba moja la California, wakakuta aina ileile ya bakteria kwenye kinyesi cha ng'ombe, kwa nguruwe pori na kwenye maji ya mto karibu na hapo. Uchafu wa sehemu moja ulienea kwenye majimbo 26 kwa sababu majani ya mashamba mengi huchanganywa kwenye mitambo ya pamoja. Mwenye kusema "kubwa ndiyo hatari" ana ushahidi wake hapo.

Lakini mwaka 2011, jimbo la Oregon, stroberi za shamba dogo ziliambukiza watu wapatao 15 bakteria huyohuyo, na angalau mmoja akafariki. Zilikuwa zikiuzwa kwenye vibanda vya barabarani na masoko ya wakulima, yaani njia ileile tunayoiamini. Waliobeba bakteria walikuwa kulungu waliokuwa wakipita shambani na kuacha vinyesi. Wanyama walipita tu.

Mwaka huohuo Ujerumani ikapata mlipuko mbaya zaidi: E. coli O104:H4, wagonjwa zaidi ya 3,800 na vifo zaidi ya 50. Kwanza mamlaka za Hamburg zilishuku matango ya Hispania, watu wakaacha kuyanunua, wakulima wasio na hatia wakaachia mazao yao yaoze, na Umoja wa Ulaya ukalazimika kutenga zaidi ya yuro milioni 200 kuwafidia. Chanzo kikaja kubainika kuwa ni machipukizi ya uwatu kutoka shamba la kilimo hai huko Saksonia ya Chini. Shamba la ndani, la kilimo hai, ambalo mlaji angelichagua kwa moyo mweupe. Na mbegu zenyewe zilitoka Misri.

Simwonei mkulima mdogo kwa kutaja haya. Nataka tuache kumpa sifa au lawama kwa kitu ambacho si chake, tumuulize kilicho chake. Karibuni.

MAMA MAPACHA

Mleta uzi asante, ila mimi naona umeruka jambo tunaloliogopa kuliko yote, dawa za kuulia wadudu. Vimelea unaosha vinatoka. Dawa imeingia ndani ya tunda, utaiosha vipi? Ndiyo maana mimi hukimbilia kwa mkulima mdogo.

MLETA UZI

Mama Mapacha, hofu yako naielewa na wala siidharau. Ila sentensi zako mbili za katikati naomba nizijibu, maana ndipo walaji wengi tunapokwama.

Kuosha hakuondoi vimelea vyote. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2006 kuhusu umwagiliaji wa maji taka, linakadiria kuwa kuosha mboga kwa maji safi hupunguza vimelea kwa takriban asilimia 90. Ni kazi kubwa hiyo, lakini kama kulikuwa na milioni moja, laki moja wamebaki. Kumenya hupunguza zaidi, na kupika ndiko kunakomaliza kazi. Kwa hiyo kinacholiwa kibichi bila kumenywa, usalama wake umeamuliwa shambani zaidi kuliko jikoni kwako.

Kuhusu dawa, swali la maana ni ipi, kiasi gani, na siku ngapi kabla ya kuvuna. Kila dawa iliyosajiliwa huwa na muda wa kusubiri ulioandikwa kwenye kibandiko chake. Anayeuheshimu, masalia hubaki chini ya kiwango kilichowekwa. Anayevuna kesho yake, masalia yanakuwa juu, hata kama shamba lake ni la robo ekari. Na huyo mdogo ndiye ambaye mara nyingi hakufundishwa kusoma kibandiko, au amepimiwa dawa kwenye chupa isiyo na kibandiko kabisa. Kudhani kwamba udogo unamaanisha hapigi dawa ni kujipa matumaini.

Mtafiti wa Marekani, Paul Slovic, aliandika mwaka 1987 kwamba watu huona hatari ni kubwa zaidi pale wanapohisi hawana udhibiti nayo, haionekani na inatisha. Dawa ina sifa hizo zote. Kinyesi cha mnyama tumekizoea tangu utotoni, hakitutishi. Hivyo tunauliza "umepiga dawa?" na hatuulizi "maji umeyatoa wapi?"

BUSTANI NDOGO

Naomba niseme mimi kama mkulima, maana tunajadiliwa kama hatupo.

Mleta uzi amesema kweli kuhusu maswali. Wateja wangu karibu wote huuliza kuhusu dawa. Kuhusu maji hawaulizi. Kuhusu choo cha vibarua hawaulizi. Mtu ananishika mkono, anasema "wewe nakuamini", ananunua anaondoka. Kuaminiwa ni kuzuri, ila uaminifu wa namna hiyo haunisaidii kurekebisha kitu. Nikijenga choo na sehemu ya kunawa yenye sabuni kwa wanaovuna, gharama ni yangu na hakuna anayeiona. Jirani yangu ambaye hana choo anauza bei ileile na anaaminiwa vilevile.

Nataka mjue samadi inavyofanya kazi, kwa sababu hapa ndipo "asilia" inapowachanganya watu. Samadi mbichi ni kinyesi. Kuwa ya asili hakuifanyi iwe salama. Kanuni za kilimo hai za Marekani zinataka samadi mbichi iingizwe udongoni angalau siku 120 kabla ya kuvuna ikiwa sehemu inayoliwa inagusa udongo, na siku 90 ikiwa haigusi. Ukitaka kutumia mapema zaidi, igeuze kuwa mboji kwa njia inayotambuliwa: lundo lifike joto la nyuzi 55 za Selsiasi au zaidi. Ukililaza kama tuta refu la kugeuzwa, joto hilo lidumu siku 15 na uligeuze angalau mara tano. Lundo lililokaa tu pembeni likakauka juu si mboji iliyoiva, hata kama halinuki tena.

Mimi nina kipimajoto cha lundo na daftari. Wengi wenzangu hawana, si kwa ubaya, hakuna aliyewahi kuwaambia wala kuwauliza.

HAKI SAWA

Kama hatari ni ileile, kwa nini baadhi ya sheria zinawaachia wadogo? Marekani wana sheria ya usalama wa chakula ya 2011 na mashamba madogo yamesamehewa. Vimelea havijui mauzo ya mwaka. Naona ni siasa.

MLETA UZI

Mkuu Haki Sawa, swali zito. Unayoitaja ni FSMA, aliyoisaini Obama Januari 2011, na marekebisho yanayojulikana kwa jina la Seneta Tester. Shamba lenye wastani wa mauzo ya chakula chini ya dola 500,000 kwa mwaka, ambalo sehemu kubwa ya mauzo yake inakwenda moja kwa moja kwa walaji, au kwa migahawa na maduka ya jimbo lilelile lilipo shamba au yaliyo ndani ya maili 275, linaondolewa sehemu kubwa ya masharti ya kanuni za mazao mabichi. Hoja zilikuwa mbili. Gharama ya vipimo na makaratasi ingewafuta kabisa. Na mnyororo mfupi ukichafuka unaathiri watu wachache na chanzo hujulikana haraka.

Hoja ya kwanza ina nguvu. Ya pili nina shaka nayo. Mlipuko mdogo hauonekani kirahisi. Watu watano wakiharisha baada ya kula kitu kimoja, huenda mmoja tu akafika hospitali, na huenda huyo asipimwe kinyesi. Mifumo kama PulseNet ya Marekani, iliyoanza mwaka 1996, hugundua milipuko kwa kulinganisha vinasaba vya bakteria kutoka kwa wagonjwa walio mbalimbali. Wanapokuwa wengi, alama inajirudia na wachunguzi wanaamka. Wakiwa wachache, inapita. Kwa hiyo mtu akisema "sijawahi kusikia mkulima mdogo ameua mtu", kutosikia kwake kunatokana pia na namna tunavyohesabu. Hapo siwezi kumtetea mkulima mdogo, na siwezi kumshtaki pia.

Ila msamaha ule una sharti moja ambalo mimi nalipenda: shamba lililosamehewa linatakiwa kuweka wazi jina lake na anwani kamili pale mazao yanapouzwa. Ukipata tatizo unajua pa kwenda. Sijaona sababu ya mkulima popote kushindwa hilo, ni karatasi na kalamu.

HAKI SAWA

Jina na anwani haviui bakteria, mkuu. Bado nasema ukiuza chakula kibichi, kipimo cha maji kiwe lazima kwa kila mtu, na serikali igharamie kwa asiyeweza.

BUSTANI NDOGO

Kwenye kugharamia nakuunga mkono kwa asilimia zote.

MUUGUZI

Nimesoma kimya hadi hapa. Naomba mjadala usiishie kwenye "nani mkosaji".

Makadirio ya Shirika la Afya Duniani yaliyotolewa mwaka 2015 yanasema watu milioni 600 huugua kila mwaka kutokana na chakula kilichochafuliwa, na 420,000 hufariki. Kati ya hao waliofariki, 125,000 ni watoto wa chini ya miaka mitano. Si mboga peke yake, ni chakula cha aina zote, lakini angalieni nani anakufa. Mtu mzima mwenye afya ataharisha siku mbili atasahau. Mtoto mdogo mwenye E. coli ya aina hizo zilizotajwa anaweza kuharibika figo. Mjamzito akipata bakteria wa Listeria, yeye mwenyewe anaweza kuhisi kama mafua tu huku mimba ikitoka. Mzee, mgonjwa wa saratani aliye kwenye matibabu, aliyepandikizwa kiungo, hawa wote hawana nafasi ya kukosea.

Kwa hiyo mama anaponiuliza kama aendelee kununua kwa mkulima anayemfahamu, jibu langu linategemea nani atakula na atakulaje. Kikipikwa hadi kuiva, wasiwasi wangu ni mdogo. Kikiliwa kibichi na mjamzito, nataka kujua zaidi ya sura ya muuzaji. Na machipukizi mabichi mimi huwaambia wajawazito, wazee na wenye kinga dhaifu wayaache kabisa, yawe ya shamba dogo au kubwa, kwa sababu joto na unyevu vinavyootesha mbegu ndivyo vinavyozalisha bakteria.

MAMA MAPACHA

Dada Muuguzi asante. Basi cheti? Nikiona cheti nitulie?

SHAMBA DARASA

Naingia hapo kwa Mama Mapacha, maana ni kazi yangu kufundisha wakulima.

Cheti kinasaidia, ila soma kisa cha matikiti aina ya kantalupu ya Colorado mwaka 2011. Lilikuwa shamba la familia. Mkaguzi wa nje alifika Julai akawapa alama 96 kwa 100. Ndani ya wiki chache watu wakaanza kuugua Listeria, hadi mwisho wagonjwa 147 kwenye majimbo 28, na vifo 33. Wakaguzi wa serikali walipoingia walikuta maji yametuama sakafuni, mitambo ya kuoshea isiyosafishika vizuri ambayo awali ilitumika kwa zao jingine, na matunda yakipelekwa kwenye chumba cha baridi bila kupoozwa kwanza. Maji ya kuoshea hayakuwa na dawa ya kuua vijidudu. Tikiti ni tunda la kumenya, walaji wengi waliliona salama kwa sababu hiyo. Kisu kinapopita kwenye ganda kinaingiza bakteria ndani.

Cheti ni picha ya siku moja. Ninachokiamini zaidi ni tabia ya kila siku inayoweza kuonekana, ndiyo maana mimi hupenda mifumo ya dhamana shirikishi, ambapo wakulima wenyewe pamoja na wanunuzi hutembeleana mashambani na kukaguana kwa vigezo walivyokubaliana. Ni nafuu kuliko mkaguzi wa kulipwa, na mlaji anapata kuona choo, kisima na ghala kwa macho yake. Udhaifu wake ni kuoneana haya. Jirani anaona jirani mwenzake anaosha mazao kwenye maji machafu, ananyamaza kwa sababu kesho ni zamu yake kukaguliwa. Kundi linaloshindwa kumwambia mwenzao ukweli, dhamana yake haina thamani. Kwa wanaotaka masoko ya mbali, GLOBALG.A.P., mfumo wa kimataifa wa vyeti vya mashamba, nao wana cheti cha kikundi, wakulima wadogo wanaungana chini ya mfumo mmoja wa usimamizi na kugawana gharama.

Kuhusu maji, ambalo ndilo swali nisilochoka kulirudia. Maji ya kisima kirefu kilichofunikwa vizuri huwa na hatari ndogo kuliko mto, bwawa au mfereji. Si lazima mkulima wa mto aache kilimo. Anaweza kumwagilia chini kwenye shina badala ya kurusha juu ya majani, kwa matone au kwa mfereji mdogo. Anaweza kusimamisha umwagiliaji siku chache kabla ya kuvuna, jua na ukavu vikaua sehemu kubwa ya vimelea. Njia hizo hazihitaji maabara. Maji ya kuoshea baada ya kuvuna lakini hayana mjadala: yawe ya kunywa. Nimeona mazao mazuri yakiharibiwa hapo, kwenye beseni moja la maji yaliyotumika tangu asubuhi. Jani moja chafu linachafua kapu zima, na mnunuzi anaona yanang'aa anafurahi.

MAMA MAPACHA

Hilo la kung'aa limenigusa. Mimi huchagua yaliyooshwa. Na nyumbani nioshe na sabuni? Wengine wanasema siki, wengine chumvi.

MUUGUZI

Sabuni hapana. Matunda na mboga vina vitundu, sabuni inabaki na haikukusudiwa kuliwa. Maji safi yanayotiririka, sugua kwa mkono, yenye ganda gumu sugua kwa brashi, hata kama utalimenya. Nawa mikono kwanza. Siki na chumvi hazina faida ya kuzitegemea kuliko maji mengi yanayotiririka. Ukishakata, weka kwenye baridi chini ya nyuzi 5 au kula, usiache mezani mchana kutwa. Na ubao uliokatia nyama mbichi usiukatie kitu kitakacholiwa kibichi, hapo mkulima hahusiki tena.

HAKI SAWA

Nimelainika kidogo. Ila mnunuzi wa kawaida hana nafasi ya kwenda shambani kukagua choo. Anasimama mbele ya meza, nyuma yake kuna foleni. Aulize nini?

MLETA UZI

Mimi ningeuliza moja tu: "Haya umeyaosha kwa maji gani?" Jibu lake linafungua mengine. Anayejua kazi yake atakueleza bila kukasirika. Asiyejua atasema "ni safi tu usijali". Na ukipata aliyekueleza vizuri, rudi kwake hata kama bei imezidi kidogo. Bustani Ndogo amesema hapo juu kwamba gharama ya choo haionekani. Sisi wanunuzi ndio tunaoweza kuifanya ionekane, kwa kuuliza na kwa kurudi.

BUSTANI NDOGO

Ongeza na "mmevuna lini, na nani aliyevuna?" Mvunaji anayeharisha anatakiwa kukaa nyumbani na kulipwa siku hiyo, asipolipwa atakuja. Homa ya ini aina ya A na norovirusi hupita kwenye mikono ya binadamu, kulungu hawahusiki. Mimi vibarua wangu nimewaambia akiumwa tumbo aseme, namlipa. Mwaka huu nimeanza pia kuandika jina la shamba na tarehe ya kuvuna kwenye kila kapu. Shamba Darasa, kama una fomu rahisi ya kumbukumbu za maji na mboji naomba uiweke hapa, wapo wenzangu wanaosoma uzi huu.

SHAMBA DARASA

Ninayo, ukurasa mmoja. Safu ya tarehe, chanzo cha maji, joto la lundo na siku lilipogeuzwa, dawa iliyopigwa na siku za kusubiri, tarehe ya kuvuna, jina la aliyevuna, na kapu lilikouzwa. Naiandika upya kwa herufi kubwa ili hata anayesoma kwa shida aweze kuijaza, nitaipandisha jioni.